Myuoni: chembe za angani zinazotumika kujaribu vifaa vipya vya kisayansi

Nyosha mkono mmoja mbele yako, kiganja kikiwa juu, kama mtu anayepokea mbegu. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Kwa kila namba unayotaja, kwa wastani chembe moja ndogo sana kutoka angani imepenya kiganja chako, ikatokea upande wa pili na kuendelea kuelekea ardhini. Hukuhisi kitu. Hata ukiwa ndani ya nyumba zinakufikia, kwa sababu bati, dari na matofali haviwezi kuzizuia.

Chembe hizo huitwa myuoni. Katika makala haya tunaeleza zinatoka wapi, na kwa nini wanasayansi wanaotengeneza vifaa vya kunasa chembe huzitumia kujaribu vifaa hivyo kabla ya kuviamini.

Tatizo la mbwa asiyebweka

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye mifugo analijua. Una mbwa wa kulinda zizi. Usiku mzima hakubweka. Asubuhi unajiuliza: mwizi hakuja, au mbwa alilala? Kimya chake peke yake hakikupi jibu.

Lakini tuseme jirani yako hupita hapo kila usiku saa nne akitoka dukani, na mbwa humbwekea kila anapopita. Hapo una kipimo. Usiku ambao mbwa amembwekea jirani kama kawaida, halafu akanyamaza mpaka alfajiri, unaweza kuamini kwamba hapakuwa na mgeni. Usiku ambao hata jirani hakubwekewa, ujue mbwa ana tatizo.

Wanasayansi wanaochunguza chembe ndogo wana tatizo hilo hilo. Vifaa vyao, vinavyoitwa vigunduzi, hujengwa ili kunasa vitu vinavyotokea kwa nadra sana. Chukua mfano wa Februari 1987, mwanga wa nyota kubwa iliyolipuka ulipofika duniani. Pamoja na mlipuko huo zilikuja chembe ziitwazo nyutrino, ambazo hupenya karibu kila kitu bila kugusa chochote. Vigunduzi vitatu, kimoja Japani, kimoja Marekani na kimoja katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, kwa jumla vilinasa nyutrino kama dazeni mbili tu, na tukio zima lilikwisha ndani ya sekunde chache. Kifaa ambacho kingekuwa kibovu siku hiyo kisingepata nafasi ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kungoja mgeni wa nadra, lazima uwe na mpita njia wa kila siku wa kukuonyesha kwamba kifaa kiko macho. Mpita njia huyo ni myuoni.

Myuoni zinatoka wapi?

Kutoka mbali angani, nje kabisa ya dunia yetu, chembe zenye nguvu nyingi huja na kugonga hewa iliyo juu yetu usiku na mchana. Nyingi ni protoni, chembe zinazopatikana katikati ya kila atomi. Zinapogonga hewa, kilomita 15 hivi juu ya vichwa vyetu au zaidi, hutokea mvua ya chembe nyingine. Nyingi kati ya hizo hufa njiani. Zinazotufikia kwa wingi huku chini ni myuoni.

Myuoni inafanana na elektroni, ile chembe inayobeba umeme kwenye waya, ila yenyewe ni nzito zaidi ya mara 200. Uzito huo ndio unaoifanya ipenye mbali: mita kadhaa za zege au mwamba si kitu kwa myuoni yenye nguvu.

Ajabu moja ni kwamba maisha yake ni mafupi mno. Ikitulia, huvunjika baada ya wastani wa sehemu 2.2 za milioni moja ya sekunde. Hata kwa kasi ya mwanga, muda huo ungetosha kusafiri mita 660 hivi tu, si kilomita 15. Inatufikia kwa sababu ya jambo lililoelezwa na Albert Einstein: kitu kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga, saa yake huenda polepole ikilinganishwa na saa zetu sisi tuliosimama.

Aliyethibitisha kwamba mionzi inatoka juu ni Victor Hess wa Austria. Tarehe 7 Agosti 1912 alipanda kwa puto mpaka zaidi ya mita 5,000, chini kidogo ya kimo cha kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Alikuta kwamba kadiri alivyopanda juu ndivyo kipimo cha mionzi kilivyoongezeka. Kama mionzi ingetoka ardhini tu, ingepungua. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo Carl Anderson na Seth Neddermeyer wa Marekani waligundua myuoni katika miale hiyo ya anga.

Mashahidi wawili mezani

Sasa tuingie kwenye chumba cha majaribio. Fundi ametengeneza kigunduzi kipya, cha kwanza cha aina yake. Ni cha majaribio. Kikifaulu, vitatengenezwa mamia au maelfu vya namna hiyo. Atajuaje kinafanya kazi?

Anakiweka katikati ya meza. Juu yake anaweka kibao cha plastiki maalumu, na chini yake anaweka kingine. Plastiki hiyo ina tabia moja: chembe kama myuoni ikiipenya, hutoa mmweko hafifu sana wa mwanga. Kifaa kilichobandikwa pembeni huugeuza mmweko huo kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Kibao hufungwa kabisa kwa karatasi nyeusi ili mwanga wa taa usiingie.

Kibao kimoja peke yake hakiaminiki. Kinaweza kutoa ishara ya uongo kwa sababu ya joto au hitilafu ndogo ya umeme. Ndiyo maana vinawekwa viwili. Katika baraza la kijiji, shahidi mmoja anaweza kukosea. Mashahidi wawili waliosimama mahali tofauti, wakisema jambo lile lile kwa wakati ule ule, wanasikilizwa. Vibao vyote viwili vikimeka karibu kwa wakati mmoja, tofauti ikiwa ndogo kuliko sehemu chache za bilioni moja ya sekunde, tunajua kwamba karibu bila shaka myuoni moja imetoka juu, ikapita katikati na kutokea chini.

Na kama imepita katikati, imepita ndani ya kigunduzi kipya. Hapo ndipo swali linapoulizwa: je, nawe umeiona?

Njia hii si ya jana. Walther Bothe wa Ujerumani alianza kuitumia miaka ya 1920, Bruno Rossi wa Italia akaiboresha mwaka 1930, na mwaka 1954 Bothe akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Hadi leo wanafunzi wa fizikia huanza kwa njia hiyo hiyo.

Tuseme mashahidi wawili wamekubaliana mara 1,000, na kigunduzi kipya kimejibu mara 940. Ufanisi wake ni asilimia 94. Kazi ya fundi sasa ni kuzitafuta zile 60 zilizopotea. Akichora ramani ya mahali zilipopita na kukuta zote ziko kwenye kona moja, huenda pale pana waya uliolegea au gundi iliyoingia pasipotakiwa. Zikiwa zimetawanyika kila mahali, huenda kifaa chote kinapata umeme mdogo kuliko kinavyohitaji.

Kama kuongeza sauti ya redio

Katika hatua hiyo fundi hufanya kitu ambacho msikilizaji wa redio atakielewa mara moja. Sauti ya redio ikiwa chini mno, unakosa maneno. Ukiiongeza, maneno yanasikika vizuri. Ukizidi kuiongeza, spika inaanza kukwaruza na maneno yanapotea tena katika kelele.

Vigunduzi vingi viko hivyo hivyo. Fundi hupandisha umeme hatua kwa hatua. Mwanzoni kifaa kinaona myuoni chache. Kisha kinaona nyingi, mpaka hesabu inafika mahali haiongezeki tena. Akizidi kupandisha, kifaa kinaanza kuona hata visivyokuwapo. Fundi huchagua mahali pa katikati, pale ambapo kifaa kinaona karibu kila kinachopita bila kusema uongo, halafu anaandika kipimo hicho. Bila myuoni kupita, asingejua alama ya katikati iko wapi.

Haya yote yanahitaji uvumilivu. Chukua vibao viwili vya sentimita 10 kwa 10, kimoja kikiwa nusu mita juu ya kingine. Kwa hesabu, myuoni zinazopita vyote viwili ni kama 100 tu kwa saa. Ukitaka kuhesabu 10,000 unangoja zaidi ya siku nne. Hii ndiyo sababu vifaa huachwa vikifanya kazi usiku kucha na hata wiki nzima, huku watu wakienda kulala.

Myuoni za angani zina upungufu mwingine pia. Huwezi kuziamrisha: kila moja huja na nguvu yake na kwa pembe yake. Kwa hiyo baada ya hatua hii, vifaa vingi hupelekwa kwenye mitambo mikubwa inayorusha chembe zilizochaguliwa, ambako nafasi ni chache na watu hupanga foleni. Myuoni hazina foleni. Ni bure, hazikatiki kama umeme, na zinapatikana kwenye chuo kidogo kama zinavyopatikana kwenye maabara kubwa.

Tangi la baridi kali

Jaribio moja kubwa la namna hii lilifanyika CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwaka 2018. Kigunduzi cha majaribio kiliitwa ProtoDUNE: tangi kubwa kama nyumba ya ghorofa, lenye takribani tani 800 za argoni. Argoni ni gesi iliyomo kwenye hewa tunayovuta, ila humo ilipoozwa zaidi ya nyuzi 180 chini ya sifuri mpaka ikawa kimiminika.

Myuoni ikipita ndani ya argoni hiyo, huacha nyuma yake msururu wa elektroni. Umeme wa volti 180,000 huzisukuma elektroni hizo polepole, kwa umbali wa hadi mita 3.6, mpaka zifike kwenye nyaya nyembamba zinazochora picha ya njia ya myuoni. Septemba 2018 picha za kwanza zilionekana.

Tatizo lililowasumbua watafiti ni usafi. Hewa ya oksijeni au unyevu kidogo mno ukibaki ndani ya argoni, elektroni humezwa kabla ya kufika. Utajuaje zinamezwa? Myuoni za angani ndizo zilizojibu. Watafiti walilinganisha alama za myuoni zilizopita karibu na nyaya na zile zilizopita mbali. Kama za mbali ni hafifu mno, argoni haijawa safi, na mitambo ya kuchuja inaendelea kufanya kazi.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kigunduzi halisi, kinachoitwa DUNE, kinajengwa kilomita 1.5 chini ya ardhi katika mji wa Lead, jimbo la South Dakota nchini Marekani, mahali palipokuwa mgodi wa dhahabu. Kimepangwa kuwa na matangi makubwa, kila moja likibeba tani 17,000 za argoni. Kitapokea nyutrino zinazorushwa kupitia ardhini kutoka maabara ya Fermilab karibu na Chicago, umbali wa kilomita 1,300, na kitangoja pia nyota nyingine ilipuke.

Tangi likishajazwa huko chini, kwenda kukaza waya mmoja ndani yake ni kazi kubwa mno. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unaoonekana kwenye kifaa cha majaribio huzibwa kwenye michoro, kabla ukuta haujajengwa.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Huko chini mwamba huzuia myuoni, nazo hupungua zaidi ya mara milioni moja. Hilo ndilo linalotakiwa, maana ukimngoja mgeni wa nadra hutaki msongamano wa wapita njia. Lakini juu ya ardhi myuoni ni nyingi kiasi kwamba ndani ya ProtoDUNE ziliacha mrundikano wa umeme uliopinda kidogo picha za njia. Ilibidi watafiti waupime mpindo huo na kuurekebisha, wakijua kwamba kule mgodini utakuwa mdogo sana. Mazingira ya majaribio na mazingira ya kazi si kitu kimoja, na mpimaji mwaminifu hasahau tofauti hiyo.

Mwaka mtambo ulipoharibika

Myuoni hazisaidii vifaa vya majaribio peke yake. Tarehe 10 Septemba 2008, CERN iliwasha mtambo wake mkubwa wa LHC, uliojengwa ndani ya handaki la mviringo la kilomita 27. Siku tisa baadaye kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili kiliharibika, heliamu ya baridi kali ikafumuka, na sumaku nyingi zikaumia. Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Watafiti wa kigunduzi cha CMS, chenye uzito wa tani 14,000, walikuwa na kifaa tayari lakini hawakuwa na chembe za kukipima. Wakageukia angani. Kwa takribani mwezi mmoja, kati ya Oktoba na Novemba 2008, walirekodi matukio ya myuoni milioni 270 yaliyofika chini huko, karibu mita 100 kutoka juu ya ardhi.

Ndani ya CMS kuna vipande vya silikoni zaidi ya 16,000 vinavyoonyesha chembe imepita wapi. Hakuna fundi anayeweza kupanga vipande vyote hivyo bila kukosea hata kidogo. Lakini myuoni hufuata njia inayotabirika, kama kamba ya mwashi iliyovutwa. Kipande kikionyesha alama pembeni ya njia hiyo mara elfu nyingi, kosa si la myuoni. Kipande ndicho kilichosogea. Kwa njia hiyo walijua mahali pa vipande vya sehemu ya katikati kwa usahihi wa mikroni chache, ambao ni mdogo kuliko unene wa unywele mara kumi na zaidi.

Mtambo ulipowashwa tena Novemba 2009, CMS ilikuwa imeshapimwa. Julai 2012, CMS na kigunduzi mwenzake ATLAS vilitangaza kuonekana kwa chembe mpya, iliyokuja kuthibitishwa kuwa chembe ya Higgs. Moja ya alama zake za wazi ni pale inapovunjika na kutoa myuoni nne. Kifaa kilichojifunza kuona kwa myuoni za angani kilikuwa tayari kuziona hizo.

Kimya kinachoaminika

Turudi kwa mbwa wetu. Miaka ya 1960 Luis Alvarez, mwanafizikia wa Marekani, aliweka vigunduzi vya myuoni chini ya piramidi ya Khafre nchini Misri. Penye uwazi ndani ya mawe, myuoni nyingi zaidi hupita. Katika sehemu aliyoichunguza hakuona chumba kilichofichwa. Jibu la "hakuna" lilikubalika kwa sababu vifaa vilionyesha wazi umbo la piramidi lenyewe. Kwa hiyo vilikuwa macho. Mwaka 2017 watafiti wengine, kwa njia hiyo hiyo, walitangaza uwazi wa angalau mita 30 ndani ya piramidi kubwa ya Khufu. Jibu la "upo" nalo lilikubalika, maana aina tatu tofauti za vigunduzi zilionyesha jambo moja.

Je, zina madhara? Na simu yangu inaweza kuziona?

Neno mionzi huwatisha wengi, na ni haki kuuliza. Myuoni zimekuwa zikitupitia tangu binadamu wa kwanza, sisi, mifugo yetu na mimea yetu. Kwa wastani wa dunia, miale ya anga yote kwa pamoja huchangia takribani sehemu moja kati ya sita ya mionzi ya asili ambayo mtu hupata. Iliyobaki hutoka hasa ardhini, kwenye hewa na kwenye chakula. Vigunduzi tulivyoeleza havitoi myuoni. Huhesabu tu zinazopita.

Kuhusu simu: ndiyo, kamera ya simu ikifunikwa isipate mwanga kabisa, mara mojamoja inaweza kuonyesha nukta iliyoachwa na chembe ya namna hii, na watafiti wametengeneza programu za simu kwa kazi hiyo. Lakini sehemu ya kamera inayopokea picha ni ndogo kuliko ukucha, hivyo utangoja sana, chaji itaisha, na si kila nukta ni myuoni. Bila shahidi wa pili huwezi kuwa na uhakika.

Kwa kifupi

- Myuoni ni chembe zinazozaliwa juu angani na kutufikia kila sekunde.
- Vigunduzi vipya hupimwa kwa myuoni kwa sababu ni nyingi, ni bure na tabia yake inajulikana.
- Vibao viwili, juu na chini, huwa mashahidi. Kifaa kipya katikati huulizwa kama kimeona.
- Kasoro iliyoonekana mezani hurekebishwa kwa gharama ndogo. Iliyoonekana baada ya kifaa kuzikwa ardhini ni hasara kubwa.
- Kifaa kikisema "sijaona kitu", tuulize kwanza: kilijaribiwa kwa kitu gani tunachojua kipo?